Umempa Tarumbeta, Akapigie Wapi?

Mabishano yalianzia kwenye fomu. Dada mmoja tunayeheshimiana, mhasibu wa miaka mingi katika kazi ya misaada ya mafuriko, alikuja kwangu Magomeni, Dar es Salaam, jioni moja na rasimu ya fomu ya waathirika. Kikundi cha wasanii kilikuwa kimemwomba awatengee fungu lao kwenye mfuko wa maafa, naye moyoni alikuwa amekwisha kukataa. Nikamwita jirani yangu, mzee mpiga tarumbeta aliyepiga dansi tangu ujana wake, akaja na mjukuu wake ambaye huwarekodi vijana wa mtaa chumbani kwa kompyuta. Mimi nilikuja na New Orleans. Nimeusoma mji ule kwa muda mrefu, na sijui mahali pengine ambapo swali hili la fungu la wasanii liliulizwa kwa uchungu namna ile. Nayaandika yaliyosemwa kama nilivyoyashika.

MHASIBU: Niseme wazi. Maji yakiingia mtaani yanamkuta muuza samaki, nesi, dereva wa daladala na mpiga gitaa. Wote magodoro yamelowa. Kwa nini mpiga gitaa awe na dirisha lake?

MZEE: Kwa sababu kwenye dirisha lenu hapiti.

MHASIBU: Hapiti kwa nini, mzee wangu? Fomu ni moja kwa wote.

MZEE: Fomu ni moja, binti yangu, lakini inauliza mwajiri. Mimi nimepiga miaka arobaini, mwajiri wangu nani? Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, ukumbi wa mtu mwingine, mlangoni wanakusanya kiingilio, usiku ukiisha tunagawana. Hesabu zote zilikuwa kichwani mwa kiongozi wetu, na yeye tumeshamzika.

MIMI: New Orleans ilikuwa hivyo hivyo. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti 2005. Kuta na matuta ya kuzuia maji, yaliyojengwa na kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani, yalibomoka mahali zaidi ya 50, na karibu asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji. Ndiyo maana wenyeji wengi hawapendi kusikia ikiitwa maafa ya asili. Upepo ulikuwa wa Mungu, kuta zilijengwa na watu. Waliobaki wakapandishwa mabasi na ndege, wengi bila kuambiwa wanapelekwa wapi, wakashukia Houston, Atlanta, wengine hadi Utah. Miongoni mwao walikuwamo wapiga vyombo waliokuwa na kazi kila wiki, kwenye baa, harusi, mazishi, na hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba waliwahi kufanya kazi.

MHASIBU: Hiyo ni kasoro ya fomu, na nitairekebisha. Muuza samaki naye hana mwajiri. Lakini fomu ikisharekebishwa, dirisha la pili la nini?

Hoja hii ilikuwa nzito kuliko zote zilizotolewa jioni ile, na mimi sikuwa na jibu la papo hapo. Mzee ndiye aliyekuwa nalo.

MZEE: Nesi wa mji huo akifika Houston, hospitali ipo na wagonjwa wapo. Sasa tuba akishushwa Houston, tromboni Atlanta, mpiga ngoma huko kwingine ulikokutaja, nani hapo ana kazi? Kila mmoja ana mikono yake na mdomo wake, na bado hana kazi. Kazi yao haimo ndani ya mtu mmoja.

MHASIBU: Wavuvi wa mtumbwi mmoja nao ni hivyo.

MZEE: Basi na wao wasaidiwe kama mtumbwi, usiwagawe. Sijasema tuwapunje wavuvi.

KIJANA: Babu, samahani. Siku hizi tromboni anajirekodi Atlanta, mpiga ngoma Houston, mimi nawaunganisha hapa hapa Magomeni. Halafu wanamuziki si ndio watu wa kuhama? Louis Armstrong aliondoka New Orleans mwaka 1922 kwenda Chicago, na dunia nzima ikamjua. Asingetoka, hizi bendi zenu, Dar es Salaam Jazz na Western Jazz, mngezipa jina gani?

MZEE: Huyu anafikiri mimi ndiye niliyezipa majina.

MIMI: Lakini swali lake ni la haki. Armstrong aliitwa. Mwalimu wake wa tarumbeta, Joe “King” Oliver, alikuwa Chicago tayari na bendi, akamtumia ujumbe, kiti kinamngoja. Na nyuma yake aliacha mtaa mzima unaoendelea kulea wengine. Hata mwaka 2005 wapo waliopata mlango ugenini. Allen Toussaint, mtunzi aliyezoea kukaa studio kuliko jukwaani, alipoteza nyumba na studio, akaenda New York, akaanza kupiga piano peke yake mbele ya watu, na mwaka uliofuata akatoa albamu na Elvis Costello. Namfurahia. Ila Clarence “Gatemouth” Brown, mpiga gitaa na fidla wa miaka 81, tayari mgonjwa wa saratani, nyumba yake ya Slidell iliharibiwa, akakimbilia Orange, Texas, mji aliokulia, akafa huko tarehe 10 Septemba, siku 12 tu baada ya kimbunga. Ukihesabu waliofanikiwa kuhama, uwahesabu na hawa.

KIJANA: Sawa. Lakini kurekodi kwa mbali hujanijibu.

MIMI: Kwa sababu unaongelea wimbo, na babu yako anaongelea maziko. Kule kuna vyama, mitaani mwa watu weusi, vinavyoitwa vya kusaidiana na kustarehe. Mzizi wake ni kile tunachokiita sisi chama cha kuzikana. Mnachanga kila mwezi, mmoja akiugua mnalipa daktari, akifa mnamsindikiza kwa matarumbeta. Bendi hupiga taratibu hadi jeneza liondoke, halafu ngoma inabadilika na mtaa mzima unaingia nyuma ukicheza. Hao wa nyuma ndio wanaoitwa mstari wa pili. Jumapili nyingi za mwaka, hata bila maiti, chama kimojawapo hutoka na suti za rangi moja na miavuli, kinapita mbele ya nyumba za wanachama wake na baa zake. Huko ndiko mtoto wa miaka saba anakojifunza tromboni, akitembea pembeni ya mjomba wake. Sasa wewe utaunganisha vipi mstari wa pili kwenye kompyuta?

Kijana hakujibu. Babu yake alikuwa akiitazama rasimu ya fomu, mahali palipoandikwa “mali iliyopotea”.

MZEE: Hapa wataandika vyombo, na nyinyi mtanunua vyombo, mtapiga picha, mtaondoka. Nisikilizeni. Desemba 2011 maji ya mto Msimbazi yaliponiingilia ndani, tarumbeta lilikuwa kwenye sanduku lake mvunguni. Nililifikia siku ya tatu. Nilipofungua, kitambaa chekundu cha ndani kilibanduka chote mkononi, na pistoni ya kati haikushuka. Tope la Msimbazi ni laini, linapenya hata pale mafuta yasipopenya. Nikaliloweka kwenye beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaizungusha pistoni kidogo, nikaacha, nikazungusha tena. Kesho yake jioni ikashuka. Gitaa la mwenzangu, lile la mbao lisilo la umeme, halikuwa na bahati. Gundi iliachia, mgongo ukatoka mzima kama mfuniko wa kopo. Lakini nataka mnielewe. Tarumbeta lilipona wiki ile ile, bendi haikupona. Mpiga besi alipewa kiwanja mbali, Mabwepande, pamoja na wenzake wa bondeni. Mwimbaji akaenda kwa dada yake Mbagala. Mazoezi yetu yalikuwa usiku, baada ya vibarua vya mchana. Mtu wa Mabwepande akikosa gari la mwisho alale wapi? Tulijikongoja miezi mitatu. Siku ya mwisho tulikutana wawili, tarumbeta na tumba. Tukapiga kama nusu saa, tukafunga masanduku.

MHASIBU: Pole, mzee wangu. Hilo la bendi hukuwahi kunisimulia.

MZEE: Hukuwahi kuuliza. Mliuliza vyombo.

Sisemi kutoa vyombo ni bure. Baada ya Katrina vyombo vilitolewa kwa wingi, na taasisi iliyozaliwa na ukumbi wa muziki wa Tipitina’s ilifanya kazi kubwa ya kuwapa wapiga vyombo na watoto wa shule. Dk. Michael White, mpiga klarineti na mwanahistoria, alipoteza makumi ya klarineti za kale na maelfu ya rekodi nyumbani kwake. Hasara kama hiyo hakuna duka la kuirudisha, lakini klarineti moja nzima mkononi ilikuwa mwanzo. Mashaka yangu ni kwamba chombo ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuchangia. Kina bei, kinang’aa, kinaonekana kwenye picha. Kodi ya nyumba haipigiki picha.

MHASIBU: Mbona waliwajengea hata kijiji? Nimekisikia.

MIMI: Kipo, na sikipunguzii sifa. Desemba 2005 Harry Connick Jr. na Branford Marsalis, wote wawili waliokulia mji ule, wakishirikiana na shirika la Habitat for Humanity, walitangaza Kijiji cha Wanamuziki kwenye kitongoji cha Upper Ninth Ward. Zikajengwa nyumba 72 za familia, zimepakwa rangi za kuchangamsha macho, na nyingine ndogo za wazee. Mkopo haukuwa na riba, na mwenye nyumba alichangia mamia ya saa za kazi ya mikono yake. Mwaka 2011 kikafunguliwa pale pale kituo cha muziki chenye jina la Ellis Marsalis, baba yake Branford. Ila mwanzoni wapiga vyombo wengi walioomba walikataliwa. Historia ya mikopo mbovu, au haipo kabisa, na kipato hakithibitiki.

MHASIBU: Hapo siwalaumu hata kidogo. Nikimpa nyumba mtu asiyeweza kulipa, miaka mitatu baadaye nitakuwa nimempa deni na fedheha. Huo si msaada.

MIMI: Baadhi walisaidiwa kwanza kumaliza madeni yao ya zamani, ndipo wakapita. Na sheria haikuruhusu kijiji kiwe cha wanamuziki peke yao, kwa hiyo walikaa na majirani wa kazi nyingine.

MHASIBU: Umeona? Hata kijiji chao kiliwachanganya na watu. Ndicho ninachokisema tangu mwanzo.

MZEE: Mimi sitaki kijiji. Nikipewa nyumba nzuri mahali ambapo sijui nani amefiwa, nitapiga kwenye msiba wa nani? Mimi nataka chumba changu cha kupanga, mtaa wangu, kwa kodi ambayo nilikuwa naiweza.

Na hapo ndipo New Orleans iliposhindwa vibaya. Serikali ilikuwa na mpango mkubwa wa kuwarudisha watu, uliopewa jina zuri la Road Home. Ulikuwa wa wenye nyumba. Zaidi ya nusu ya kaya za mji ule zilikuwa za wapangaji, na wapiga vyombo wengi walikuwa humo. Hata mwenye nyumba alilipwa kwa kuangalia thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, hata pale gharama ya kuijenga upya ilipokuwa kubwa zaidi. Nyumba mbili zenye vyumba sawa na paa sawa, moja mtaa wa weupe na nyingine mtaa wa weusi, zilikuwa na thamani tofauti sokoni, ingawa mbao na misumari haiuzwi kwa rangi ya mtu. Wenyeji wakaenda mahakamani kwa jambo hilo. Wakati huo huo kodi zilipanda mji mzima. Kisha Desemba 2007 baraza la mji likapiga kura, bila hata mmoja kupinga, majengo makubwa manne ya nyumba za umma yabomolewe, nyumba kama 4,500, mengine yakiwa ya matofali yaliyosimama imara. Moja lilikuwa Lafitte, mlangoni mwa Tremé, mtaa ambao bendi za matarumbeta zinauita nyumbani.

Nilipofika kwenye habari ya hati za nyumba, mhasibu alishusha kalamu.

MIMI: Kuna familia zilizokuwa na nyumba tangu babu wa babu. Babu alikufa, watoto wakabaki, wajukuu wakabaki, hakuna aliyekwenda kubadilisha jina. Walipoomba fedha waliambiwa waonyeshe hati yenye majina yao.

MHASIBU: Nyumba ya urithi. Haya nayajua, ninayo kwenye mafaili hadi leo. Hati ina jina la marehemu, wanaoishi humo ni kumi na moja, na mfumo unanidai jina la mmoja. Nimewahi kumrudisha mama wa watu mara nne.

Alikaa kimya kidogo. Nilimheshimu zaidi kwa kusema lile kuliko ambavyo ningemheshimu angekubaliana nami.

KIJANA: Na hao waliorudi, walipokelewa?

MIMI: Waliorudi ndio waliounyanyua mji. Na hata hivyo walisumbuliwa, kama walivyosumbuliwa hata kabla ya maji. Miezi miwili kabla ya kimbunga, Juni 2005, Allison “Tootie” Montana, mkuu wa wakuu wa wale wanaoitwa Wahindi wa Mardi Gras, alisimama mbele ya baraza la mji kulalamikia polisi wanavyowafanyia watu wake, akaanguka pale pale akafa. Alikuwa na miaka 82. Hao ni wanaume weusi wanaoshona vazi jipya kila mwaka kwa mkono, shanga moja moja juu ya turubai, mwaka mzima sindano na uzi baada ya kazi, halafu manyoya juu yake. Maji yalipoingia, vazi la mwaka mzima likawa uvundo. Hawa ni wasanii, lakini hawana chombo cha kununuliwa dukani wala kipato cha kuonyesha, kwa sababu hawauzi. Ungewaweka safu gani kwenye fomu yako, dada?

MHASIBU: Sina safu hiyo.

MIMI: Baada ya maji, ada ambayo vyama hulipia ulinzi wa polisi siku ya maandamano ilipandishwa hadi maelfu ya dola. Vyama vikaenda mahakamani, na mwaka 2007 ikashushwa. Oktoba mwaka huo huo polisi waliwavamia watu wa Tremé waliokuwa wakimwombolezea mpiga tuba kwa wimbo na tarumbeta, jioni, barabarani, kama walivyofanya vizazi vyote. Wawili wakakamatwa. Mmoja alikuwa Derrick Tabb, mpiga ngoma wa Rebirth Brass Band. Ndiye aliyeanzisha pia Roots of Music, mahali ambapo watoto hufika baada ya shule, wanafundishwa vyombo na masomo, wanalishwa, wanarudishwa nyumbani kwa basi. Ninapoweka mambo hayo mawili pamoja nashindwa kutulia. Mji unachangisha fedha duniani kote kwa jina la muziki wake, na mpigaji wa muziki huo anatiwa pingu kwa kumwombolezea mwenzake.

MZEE: Halafu wanamwita akapige bure kwenye hafla ya kuchangisha.

MIMI: Hilo nalo lilikuwepo. Yalifanyika matamasha makubwa ya kuchangia, mengine New York ndani ya Septemba ile ile, na fedha za kweli zilipatikana. Sina neno baya juu yake. Lakini aliyepoteza kila kitu akiombwa kupiga bila malipo ili achangiwe, mnamchukulia kitu pekee alichobaki nacho cha kuuza. Waliolitambua hilo mapema ni watu wa kliniki ya wanamuziki ya New Orleans, iliyokuwapo tangu 1998. Waliweka mfuko wa kuwalipa wanamuziki wapige, hata pale ambapo hapakuwa na wateja. Mtu anapata fedha kwa kazi yake, anaonana na wenzake, na mji unasikia sauti.

MZEE: Hilo ningelitaka mimi mwaka 2012. Nauli ya mpiga besi kutoka Mabwepande, na onyesho moja kwa wiki lenye malipo ya uhakika. Miezi sita tu. Bendi ingekuwapo.

KIJANA: Na wakubwa? Fats Domino naye si alifurika?

MIMI: Alikuwa nyumbani kwake Lower Ninth Ward. Aliokolewa, lakini siku chache hakujulikana alipo, hadi mtu akaandika kwa rangi kwenye nyumba yake maneno ya kumuaga marehemu. Alikuwa hai. Rais wa Marekani akaja kumpa medali nyingine badala ya ile iliyopotelea majini. Domino naye mwaka 2006 akatoa albamu kusaidia taasisi ya Tipitina’s. Aliishi hadi 2017, ng’ambo ya pili ya mto. Hata yeye mtaani kwake hakurudi kuishi.

Giza lilikuwa limeingia. Mhasibu aliivuta fomu, akakata kwa kalamu mstari wa mwajiri.

MHASIBU: Bado sikubali fungu la wasanii peke yao. Siwezi kwenda kumweleza mjane wa Kigogo kwamba tumba limemtangulia. Ila nitafanya hivi. Mwajiri natoa. Naweka: kazi yako unaifanya na nani, na hao sasa wako wapi. Kodi ulikuwa unalipa kiasi gani, na mwenye nyumba amepandisha? Pale pa uthibitisho, watu watatu wa mtaa wenye kujua kazi yako. Na mtu akitaka nauli badala ya chombo, apewe nauli.

MZEE: Wavuvi pia wajaze hiyo hiyo?

MHASIBU: Wavuvi pia, na mama lishe wanaopika pamoja.

MZEE: Na yule anayeshona shanga?

Mhasibu aliifikiria fomu kwa muda mrefu. Mzee akaniomba nimwonyeshe picha ya vazi la Montana, nikaileta, tukaiweka chini ya taa. Alianza kuhesabu shanga kwenye bega moja kwa ncha ya kidole, akafika hamsini na kitu, zikampotea, akaanza upya.